Shajara ya Kuba la Mwamba

Jumatatu, 13 Januari 2025

Leo nimeshinda na mchoro mmoja tu. Ni mkato wa Kuba la Mwamba, Yerusalemu, uliochapwa ndani ya kitabu cha James Fergusson cha mwaka 1847. Kitabu ni cha Fergusson, vipimo si vyake. Aliyepima ni Frederick Catherwood, Mwingereza mzaliwa wa Hoxton, London, akiwa na wenzake wawili, Francis Arundale na Joseph Bonomi, mwishoni mwa mwaka 1833.

Kwa sisi tunaochora majengo, mkato ndio mchoro usio na huruma. Unalipasua jengo toka juu hadi msingi kama papai, nusu moja unaiweka pembeni, unabaki na yaliyomo. Ukuta unaonyesha unene wake, dari inaonyesha kilicho nyuma yake. Hapa, chini kabisa, upo mwamba wenyewe, haukuchongwa, haukunyooshwa, na chini ya mwamba lipo pango ambalo watu wa pale huliita Bir al-Arwah, Kisima cha Roho. Juu ya mwamba zinapanda nguzo na matao, kisha shingo ya mviringo yenye madirisha, kisha kuba. Na kuba si moja. La ndani lina dari yake na la nje lina paa lake, yote mawili ya mbao, na baina yake mna uwazi ambao anayesali chini hawezi kujua kuwa upo.

Jengo hili nimeliona katika nyumba nyingi sana za Unguja: kwenye kalenda, kwenye zulia la kutundika, kwenye saa ya ukutani inayoadhini. Kila mara linang'aa dhahabu. Catherwood hakuikuta dhahabu hiyo. Alikuta kuba lililovikwa mabamba ya risasi, la kijivu. Mabamba ya rangi ya dhahabu yaliwekwa katika matengenezo yaliyomalizika mwaka 1964, na dhahabu halisi ikaja miaka ya 1990 kwa gharama ya Mfalme Hussein wa Jordan. Sura ile tunayoidhani ya tangu na tangu ni changa kuliko mama yangu.

Nimeombwa nizungumze na wanafunzi wa usanifu kuhusu kupima misikiti ya zamani. Nitaanza na mkato huu, bila rangi hata moja.

Jumatano, 15 Januari

Wanafunzi watauliza aliingiaje. Ni lazima niwaeleze, na niwaeleze yote.

Alisimulia mwenyewe katika barua ambayo W. H. Bartlett aliichapa ndani ya kitabu chake kuhusu Yerusalemu, mwaka 1844. Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa Misri. Majeshi ya Muhammad Ali Pasha, yakiongozwa na mwanawe Ibrahim Pasha, yalikuwa yameiteka Shamu kutoka kwa Sultani wa Istanbul. Catherwood alikuwa ametokea Misri. Alivaa mavazi ya afisa wa Kimisri, na mfukoni alikuwa na hati iliyomtaja kuwa mhandisi katika utumishi wa Pasha. Alifuatana na mtumishi wake, Mmisri aliyeitwa Suleiman. Asiye Mwislamu hakuruhusiwa kukanyaga Haram, uwanja unaolizunguka Kuba la Mwamba, na Wazungu waliokwisha kuingia walihesabika. Mmoja wao, Mhispania Domingo Badía, aliingia mwaka 1807 akijiita Ali Bey na kujifanya Mwislamu, akachapisha ramani yake baadaye. Lakini kupima kila sehemu, toka pangoni hadi kubani, hakuna aliyekuwa amefanya.

Catherwood kwanza aliingia, akatazama, akatoka salama. Aliporudi alikuja na kifaa cha kuchorea, akakaa chini, akaanza. Watu walimtazama kwa mbali, kisha kwa karibu. Kelele zikaanza. Kwa hesabu yake walifika mia mbili, na njia ya kutokea haikuwepo tena. Hapo Suleiman akajitia hasira kubwa kuliko yao, kwamba nani amewapa ruhusa ya kumsumbua bwana wake, atawashitaki kwa liwali. Akainua kiboko na kuanza kuwachapa. Kofia ya darweshi mmoja ikadondoka.

Nimesimama hapo kwenye ile kofia kwa muda mrefu. Mzee yupo msikitini kwake, mahali anapofanya ibada, anamwona mgeni asiyemjua amekunjua vyombo bila salamu wala maelezo. Anauliza. Jibu lake ni kiboko.

Liwali akaja. Umati ukamtaka amwadhibu huyu kafiri. Lakini liwali alikuwa akimfahamu Catherwood, walikwisha kuvuta tumbaku pamoja mara nyingi, na hakuweza kufikiri kwamba mtu angethubutu kufanya jambo kama hili bila idhini ya Pasha. Akawatuliza watu. Akawaambia kwamba msikiti wetu umechakaa, bila shaka bwana wetu Muhammad Ali amemtuma efendi huyu aupime ili utengenezwe, na kama sisi wenyewe hatuna ujuzi huo basi aachwe mwenye nao afanye.

Wakamwacha. Alifanya kazi wiki sita. Wenzake akawaingiza kama wasaidizi wa upimaji.

Jumapili, 19 Januari

Kifaa alichokaa nacho Catherwood kinaitwa kamera lusida. Kilipewa hataza Uingereza mwaka 1806 kwa jina la William Hyde Wollaston, na si kamera kwa maana yetu ya leo, kwa kuwa hakihifadhi picha yoyote. Ni kipande kidogo cha kioo chenye pande nne, kimeshikwa na kijiti juu ya ubao wa kuchorea. Unainamisha uso na kuweka jicho ukingoni mwa kioo. Nusu ya mboni inaona kilicho mbele yako kupitia kioo, nusu inaona karatasi moja kwa moja. Vitu viwili vinalala pamoja, tao linaonekana limetanda juu ya karatasi, na wewe unalifuata kwa ncha ya penseli.

Mwenzangu kazini alikuwa na kimoja cha kufundishia, tukakijaribu ukutani. Ugumu wake unaujua mara moja: ukisogeza kichwa kidogo tu, tao linahama kutoka kwenye mstari ulioanza kuuchora. Mkono unaweza kutembea, shingo haiwezi. Na mwanga ukizidi upande mmoja, ama karatasi inapotea au jengo linapotea. Nikawaza mtu aliyekaa hivyo, shingo imekaza, jicho moja limefungwa, nyuma yake wamesimama watu mia mbili wenye hasira. Ujasiri wake siwezi kuukana.

Hata hivyo kamera lusida haitoi ramani. Inatoa sura ya mahali ulipokaa, ya mbali ikiwa ndogo na ya karibu ikiwa kubwa, kama jicho linavyoona. Ramani na mkato ni kazi nyingine: ni kamba, fimbo ya kupimia, timazi, na daftari la namba. Ndiyo maana ilimchukua wiki sita, na ndiyo maana alihitaji wenzake. Huwezi kushika ncha zote mbili za kamba.

Na jengo hili halimruhusu mpimaji kufanya uvivu. Ukiingia, kuna mzunguko wa ndani unaobeba kuba: nguzo nene nne za kujengwa, na baina ya kila mbili kuna nguzo tatu za mawe, jumla kumi na mbili. Nje ya mzunguko huo kuna safu ya pembenane: nguzo nene nane, na baina ya kila mbili kuna nguzo mbili za mawe, jumla kumi na sita. Nje yake ndipo zilipo kuta nane, zenye milango minne inayotazama pande nne za dunia. Yote haya yanaonekana sawa, lakini zile nguzo za mawe zilitolewa katika majengo ya zamani zaidi, kila moja na urefu wake, kila moja na kichwa chake. Mafundi walizisawazisha kwa kubadilisha vitako na vichwa mpaka matao yakakaa kwenye mstari mmoja. Ukipima moja ukazidisha kwa kumi na mbili, hukupima kitu.

Alhamisi, 23 Januari

Usiku wa jana nimechukua karatasi kubwa, bikari na rula, nikafuata hesabu aliyoieleza K. A. C. Creswell mwaka 1932 katika kitabu chake cha majengo ya mwanzo ya Kiislamu, yeye akiwa amefuata kazi ya Mfaransa Mauss. Naiandika hapa kwa utaratibu wake, maana nataka wanafunzi waifanye kwa mikono yao.

Chora duara. Ndani yake weka mraba ambao pembe zake nne zinaligusa duara. Juu ya huo weka mraba wa pili, ulio sawa nao, uliozungushwa digrii 45. Sasa pande zote nane za miraba hiyo zirefushe nje ya duara, uendelee mpaka makutano ya mbali kabisa. Utapata nukta nane. Ziunganishe: hiyo ndiyo pembenane ya kati, ile safu ya nguzo na matao. Kisha pande za pembenane hiyo nazo zirefushe. Zinazaa miraba miwili mingine, mikubwa. Duara linalopita katika pembe za miraba hiyo ndilo linaloshika pembe za kuta za nje, na kuta hizo zinakwenda sambamba na pembenane ya kati.

Basi. Duara moja la mwanzo limezaa jengo zima. Aliyeamua upana wa kuba juu ya mwamba alikwisha kuamua urefu wa kila ukuta wa nje. Ukipima, kipenyo cha kuba na urefu wa ukuta mmoja vinakaribiana mno, kila kimoja mita 20 na nusu hivi. Ndiyo sababu mtu akisimama pale uwanjani anahisi kuwa hakuna kilichozidi wala kilichopungua, hata kama hajui hesabu yoyote.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo limeninyima usingizi. Nguzo za mzunguko wa ndani hazikupangwa sambamba kabisa na za safu ya kati. Creswell aliona kwamba mzunguko mzima umesogezwa kidogo tu, kiasi kwamba anayeingia mlangoni anaona nguzo za ng'ambo ya pili ya mwamba badala ya kufichwa na zile za mbele yake. Zingepangwa sambamba, nguzo ya mbele ingeifunika ya nyuma na mwamba ungekuwa umezungushiwa ukuta wa vivuli. Fundi wa wakati ule alikuwa na mchoro kamili, wa bikari, usio na kasoro, kisha akauacha kwa makusudi pale ambapo jicho la mwenye kuingia lilihitaji nafasi. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijui msanifu wa leo anayejiamini kiasi hicho.

Msogeo mdogo namna ile hauonekani kwenye kamera lusida. Kwenye kalenda ndiyo kabisa. Unaonekana ukilaza kamba chini, ukaandika namba, kisha ukakubali kuziamini namba zako hata pale zinapokataa kuwa nzuri.

Jumatatu, 27 Januari

Jana usiku msikitini kwetu imesomwa Miraji. Vijana walisoma vizuri. Uliposimuliwa usiku ule Mtume (S.A.W.) alipofikishwa Baitul Muqaddas na kupandishwa mbinguni, nilikuwa nauona mwamba wa kwenye mkato, ule usiochongwa, na pango lake chini. Kwa mapokeo, ndipo alipopandia. Yule aliyejenga hakuweka mimbari juu ya mwamba wala kaburi. Aliuzungushia nguzo tu ili watu watembee kuuzunguka.

Baada ya kisomo nilikwenda kumsalimu Maalim aliyenisomesha chuoni nikiwa mdogo. Anaijua kazi yangu. Nikamweleza habari ya Catherwood, kuanzia hati mpaka kiboko, nikamwuliza anaonaje.

Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, huyo mtu kilichoniuma si kuingia kwake. Kilichoniuma ni yale maneno ya liwali."

Nikamwuliza maneno yapi.

"Kwamba msikiti umechakaa na sisi hatuna mjuzi. Liwali alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ndio uliompa mwongo njia."

Nimerudi nyumbani nikiwa na jibu hilo. Maalim ameona kitu ambacho mimi nilikipita. Lakini siwezi kumwachia Catherwood hapo. Wale watu waliambiwa kwamba msikiti wao unapimwa ili utengenezwe. Ni kwa sababu hiyo walimruhusu, na ni kwa sababu hiyo wakakaa wiki sita wakimtazama akipanda na kushuka. Yeye alijua kuwa hakuna tengenezo lolote linalokuja. Kisha aliposikia Ibrahim Pasha anakaribia mji, akaondoka. Kwa maelezo yake, Ibrahim aliwasili, na wasafiri wakubwa wa Kiingereza wakamwomba ruhusa ya kuona msikiti. Ibrahim akawajibu kwamba waende wakipenda, ila yeye hawadhamini kurudi salama wala hawapi askari, asije akawaudhi Waislamu. Wakamwambia mbona mwenzetu ametoka humo juzi. Madarweshi wakaitwa. Liwali akaitwa. Catherwood anaandika kwamba bila shaka tamasha lile lilifurahisha.

Mimi halinifurahishi. Liwali alimkinga mgeni na kifo kwa neno lake, halafu akaachwa peke yake ajibu mbele ya mtawala wa kijeshi. Nayashika mambo mawili kwa pamoja na sitaki moja lilifute jingine: mchoro ule ni wa kweli, na njia ya kuupata ilikuwa ya uongo. Wanafunzi nitawaambia yote mawili kwa sauti ile ile.

Alhamisi, 30 Januari

Fergusson. Huyu lazima nimpe siku yake.

Alikuwa Mskoti aliyepata mali India kwa biashara ya nili, kisha akageukia historia ya majengo, na katika historia ya majengo alikuwa mtu mkubwa. Michoro ya Catherwood na Arundale ilipomfikia, aliitazama mpaka akajenga nadharia nzima juu yake: kwamba Kuba la Mwamba halikujengwa na Waislamu hata kidogo, bali ndilo Kanisa la Kaburi Takatifu alilojenga Kaizari Konstantino, na pango lililo chini ya mwamba ndilo kaburi la Yesu. Hoja yake ilikuwa ya umbo. Vichwa vya nguzo ni vya Kirumi. Boriti zinazounganisha nguzo ni za Kirumi. Mpango wa duara ndani ya pembenane ni wa majengo ya Kikristo ya zamani. Kwa hiyo jengo ni la Konstantino.

Kila alichokitaja kipo kweli. Nguzo ni kongwe kuliko jengo, na mafundi wa Shamu wakati wa Bani Umayya walijifunza kazi kwenye majengo yaliyowatangulia, kama mafundi wote duniani. Ila mwaka wa kujengwa haukuwa wa kukisiwa. Umeandikwa humo humo.

Juu ya matao ya pembenane ya kati, pande zote mbili, unapita ukanda wa maandishi ya Kikufi yaliyopangwa kwa vipande vidogo vya kioo, herufi za dhahabu juu ya ardhi ya buluu. Urefu wake ni mita 240 hivi. Kuna bismillahi na shahada, kuna sura ya Ikhlas, kuna aya za Nisaa na za Maryam zinazomzungumzia Nabii Isa. Na kuna maneno ya ujenzi: aliyelijenga, na mwaka. Mwaka ni 72 Hijria, yaani 691 au 692. Jina linalosomeka ni la al-Ma'mun.

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Al-Ma'mun ni khalifa wa Bani Abbas aliyetawala kuanzia mwaka 813. Mwaka 72 baba yake mzazi hajazaliwa. Aliyetawala mwaka 72 ni Abd al-Malik bin Marwan wa Bani Umayya. Watu wa al-Ma'mun walibandua jina la Abd al-Malik wakaweka la bwana wao, lakini nafasi haikuwatosha: herufi zimebanana, na vioo vya buluu walivyotumia haviendani rangi na vya jirani. Mwaka wakausahau, au hawakuthubutu kuugusa. Khalifa aliyetaka kujipa jengo la mwenzake alisutwa na tarehe aliyoiacha ukutani.

Mfaransa Melchior de Vogüé aliyachapisha maandishi hayo mwaka 1864 na kumrudishia Abd al-Malik kazi yake. Fergusson hakuridhika, aliendelea kuitetea nadharia yake kwa miaka mingi.

Nafikiri juu ya wale Waingereza watatu, wiki sita, kamba mkononi, wakipita chini ya ukanda ule kila siku. Urefu wa kila tao waliupata. Lakini mchoro wa vipimo ukitoka peke yake, bila maandishi ya jengo kusomwa, unaweza kuchukuliwa na mtu hodari ukatumika kuthibitisha chochote. Mistari ya Catherwood haikumdanganya Fergusson. Haikumzuia pia.

Kwa wanafunzi wetu hili ni la kazi, si la historia. Misikiti yetu ya pwani ina maandishi juu ya mihrabu, ina majina na miaka kwenye vizingiti, na nimeona michoro mizuri sana ya kompyuta ambayo mahali pa maandishi pamewekwa mstatili mtupu. Atakayepima na mimi atayaiga maandishi herufi kwa herufi, na asiyejua kusoma atamwita anayejua, asimame naye chini ya mihrabu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimefuatilia mwisho wa Catherwood. Alitafuta mchapishaji wa michoro yake ya Haram na hakumpata. Ramani yake ya mji wa Yerusalemu ilitoka mwaka 1835, na wasafiri wakaitumia, akiwemo Mmarekani John Lloyd Stephens. Michoro yake ikatumika pia kutengeneza picha kubwa ya mviringo ya Yerusalemu iliyoonyeshwa Leicester Square, London, mwaka huo huo, watu wakilipa kiingilio kusimama katikati na kugeuka. Akahamia New York, akafungua nyumba yake mwenyewe ya maonyesho ya namna hiyo, ikaungua mwaka 1842. Kati ya hayo alikwenda na Stephens kwenye misitu ya Amerika ya Kati, akachora magofu ya Wamaya, na ni kwa michoro hiyo dunia inamkumbuka. Alikufa baharini mwaka 1854, meli ya Arctic ilipogongana na nyingine karibu na Newfoundland ikazama.

Kazi ya Haram haikupata kuchapwa yote kama alivyoikusudia. Tunaijua zaidi kupitia kitabu cha mtu aliyeitumia kwa hoja iliyoanguka. Na Suleiman tunalo jina lake moja tu; babake hatumjui, mji wake hatuujui, wala alilipwa nini kwa siku ile ambayo angeweza kuuawa pamoja na bwana wake. Darweshi hatuna hata jina. Liwali ni liwali.

Leo jioni nimekwenda kwa imamu wa msikiti wa mtaa wa pili, ule wa zamani wenye mihrabu ya matumbawe, kuomba ruhusa ya kuupima pamoja na wanafunzi. Nilimkuta na wazee wa kamati wamekaa barazani. Nimewaeleza kila kitu kwa taratibu: tutaingia saa ngapi, tutagusa nini, ngazi itaegemezwa wapi, wasichana watakuwa wangapi na watapita mlango upi. Nimesema wazi kwamba kupima si kutengeneza, na kwamba fedha za kutengeneza sinazo na sijaahidiwa na mtu. Mzee mmoja akauliza, sasa faida yetu nini? Nikamwambia ukuta ule wa kibla una ufa, na siku fundi atakapopatikana atahitaji kujua ulivyokuwa kabla haujalala. Akaguna, akaniambia, "Haya bibi, lakini kile kibao cha juu ya mihrabu mkisome vizuri, kina jina la babu yangu."

Pembeni mwa kila karatasi nitaandika waliotoa ruhusa, walioshika kamba, aliyesoma maandishi, kwa majina kamili. Imamu ametaka nakala mbili, moja ikae kwenye kabati la misahafu na moja kwa katibu wa kamati. Nimekubali. Tunaanza Jumamosi baada ya alfajiri, kabla jua halijapiga madirisha ya mashariki, na mzee atakuwepo kutusomea kibao.